Boksi Lililotoka Ubelgiji

Skolastika alikuwa na miaka kumi na mitatu ya kufunga madishi pale Mwanga, mjini Kigoma, na katika miaka yote hiyo hakuna kilichomchoma roho kama kuambiwa kazi ni rahisi na mtu ambaye hajawahi kuigusa. Mzaliwa wa Simbo, mtoto wa wakulima wa mihogo na michikichi, alisomea ufundi wa redio na televisheni akiwa msichana peke yake kwenye darasa la watu ishirini na mmoja. Alipofungua kibanda chake nyuma ya soko, katikati ya mafundi cherehani, wateja wa mwanzo waliingia, wakamtazama, kisha wakamuuliza fundi yuko wapi. Aliwajibu kwa kubeba ngazi na kutangulia. Sasa alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, madishi yake yalikuwa juu ya mapaa kuanzia Gungu hadi Ujiji, na watu walijua mambo mawili juu yake: dishi alilolifunga yeye halitikiswi na upepo wa ziwa, na mdomo wake hauna breki.

Boksi lililokuja kumtia wazimu lililetwa mwezi wa tatu, mvua za masika zikiwa zimekolea, na mtu aitwaye Arakaza, muuza mawese wa jumla kutoka Rusimbi. Lilikuwa jeusi, zito, limeviringishwa ndani ya sweta kuukuu ili lisigongwe njiani. Lilitoka Ubelgiji. Dada yake Arakaza, Carmen, alikuwa huko mwaka wa nne akihudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee, na alikuwa amelinunua kwa mtu wa mtandaoni kwa ajili ya baba yao, Mzee Calixte, ili apate televisheni ya Burundi. Mzee huyo alivuka ziwa mwaka 1972 akiwa kijana, akaja kupewa uraia baadaye, akawa katekista hapo Rusimbi mpaka magoti yalipomgomea. Lakini habari za kwao hakuacha kuziulizia.

"Linaitwa Linux," Arakaza alisema, akiliweka mezani. "Dada anasema ni kama kompyuta. Linashika kila kitu."

Skolastika alikuwa ameshakutana na maboksi ya namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili alijuta. King'amuzi cha dukani huja kimeshapangwa. Unakiunganisha, unakitafutia setilaiti, kinaleta picha. Boksi la Linux huja kama nyumba ambayo kila mpangaji aliyepita amehamisha milango. Programu iliyomo ndani mtu yeyote anaweza kuitoa na kuweka nyingine, na kila programu ina mipangilio yake, majina yake na vituko vyake. Anayelijua hulisifu sana. Asiyelijua anaweza kukaa nalo wiki nzima asipate hata chenga.

"Kaka Arakaza, mzee anataka kuangalia nini?"

"Televisheni ya kwao. Habari, misa, ngoma. Basi."

"Hiyo haina haja ya mzigo huu. Chukua king'amuzi cha kawaida hapo mbele, dukani. Nakuja nacho, kabla ya saa sita nimemaliza."

Arakaza alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayedai kuumwa siku ya mtihani. "Kama huliwezi, fundi, sema tu. Mjini hapa mafundi si wewe peke yako."

Hapo ndipo Skolastika alipokosea. Angerudisha boksi ndani ya sweta lake, akalala salama. Badala yake alisimama, akachukua begi la vifaa, akamwambia atangulie.

Siku ya kwanza yote ilipotelea kwenye lugha. Aliyelitumia boksi kabla yake alikuwa ameliweka Kijerumani, na Skolastika alihesabu mistari ya orodha kwa kidole huku akilinganisha na picha alizozitoa kwenye simu, mpaka alipopata mahali pa kubadili. Siku ya pili aligundua kwamba boksi liliamini limeunganishwa na dishi lenye mota, lile linalojizungusha lenyewe kufuata setilaiti. Kila alipoliamuru litafute, liliandika kwamba dishi linazunguka, likasubiri dakika mbili, kisha likatangaza limeshindwa. Dishi la Mzee Calixte lilikuwa la futi sita, limemwagiwa zege uani. Lisingezunguka hata kwa kusukumwa na trekta. Alipoiondoa mota ile ya kufikirika, ikaonekana setilaiti aliyoitaka haimo kabisa kwenye orodha ya boksi. Ilikuwa ni orodha ya Ulaya. Akaanza kuandika masafa mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa rimoti ambayo namba tano yake ilikuwa imekufa.

Na muda wote huo Carmen alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya kaka yake.

"Fundi, habari za kazi. Nimeongea na yule kaka aliyeniuzia. Anasema ni rahisi tu. Dishi liangalie kusini, liinamie kidogo, nyuzi kama thelathini, halafu ubonyeze kutafuta. Dakika kumi umemaliza."

Skolastika aliusikiliza ujumbe huo mara mbili, amesimama uani, maji ya mvua yakimtiririka mgongoni. Kusini ni kwao huko. Kigoma iko karibu chini kabisa ya setilaiti ile, na dishi la hapa hutazama juu, karibu wima, kama sahani iliyotegwa ikinge mvua. Ndiyo maana mafundi wa hapa hulitoboa tundu dogo chini yake ili maji yatoke. La Mzee Calixte halikuwa na tundu. Lilikuwa limejaa maji na majani, na ile LNB, jicho linalokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi, ilikuwa na kutu. Alitoa drili akatoboa. Arakaza akampiga picha, akaituma Ubelgiji, na baada ya robo saa ukaja ujumbe mwingine: "Samahani, kwa nini anatoboa dishi? Huyo fundi ana uhakika na anachokifanya?"

"Mwambie dada yako," Skolastika alisema, akijitahidi sauti isipande, "aje alitazame hilo dishi kwa macho yake. Na huyo kaka yake wa dakika kumi aje naye."

"Usinijibu vibaya, mimi nafikisha ujumbe tu."

Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakumkera. Mzee Calixte alikaa siku nzima kwenye kiti cha mbao sebuleni, mikono juu ya magoti, redio ndogo yenye mikwaruzo pembeni yake. Skolastika akiingia tu, kabla hajasema neno, mzee alikuwa ameshageuza uso. "Mwiriwe, mwana wanje," alimsalimu kwa Kirundi: umeshindaje, mwanangu. Skolastika alimjibu kwa Kiha, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu, walielewana bila shida. Mzee alimuuliza kama michikichi ya Simbo imezaa mwaka huu. Alimuuliza kama amekula. Kuhusu boksi hakumuuliza kitu hata siku moja.

Safari ya nne, mawimbi yalipanda. Mstari wa kupimia ulifika asilimia sitini ukatulia. Lakini kila boksi lilipozimwa na kuwashwa, lilisahau kila kitu. Skolastika alimwomba Arakaza siku mbili akatafute programu iliyo nzima, kwa sababu hiyo iliyomo ndani ilikuwa na kasoro.

Jumatatu asubuhi Arakaza aliingia kibandani na boksi mkononi, bila sweta. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, na mafundi cherehani pande zote mbili walikuwa na mashine zao. Akalibwaga mezani.

"Umeliua," alisema. "Haliwaki. Taa nyekundu tu. Wiki mbili unacheza na mali ya watu, sasa umeliua kabisa."

Skolastika alilichomeka. Kweli, taa nyekundu, kisha maandishi yale yale ya kuanza kuwaka, kisha giza, kisha maandishi tena. Lilikuwa linazunguka hapo hapo kama mbuzi aliyefungwa kambani. Akaligeuza. Nyuma, kando ya tundu la flashi, kulikuwa na mkwaruzo mpya.

"Juzi nililiacha likiwaka. Limepita mikononi mwa nani?"

Arakaza aliangalia pembeni. "Adolf aliliangalia tu."

Adolf, fundi mwenzake, alikuwa na duka upande wa pili wa soko, lenye kioo, bango na feni. Skolastika alitoka jinsi alivyo, bisibisi mkononi, akakatiza katikati ya mafungu ya dagaa, na mafundi cherehani wawili wakaacha kazi wakamfuata kwa mbali ili wasipitwe. Alimkuta Adolf akimwonyesha mteja televisheni.

"Uliweka programu gani kwenye boksi la Arakaza?"

"Ya kwake," Adolf alisema bila kugeuka. "Jina limeandikwa usoni. Nikapakua ya jina hilo hilo, toleo jipya kabisa."

"Ulilifungua ukaangalia ndani kwanza?"

"Nilifungue la nini? Lilikuja kwangu limeshachoka. Mtu akikaa na kifaa wiki mbili hajui anachokifanya, kitafika kwa mwenzake kikiwa hoi." Akamkonyeza mteja wake. "Wengine kazi hizi wanajifunzia kwa watu."

 Skolastika alijua akipaza sauti atakuwa amempa Adolf alichokitaka: mwanamke mwenye kelele sokoni. Kwa hiyo alisema polepole, kila neno peke yake, akitazama mteja na si Adolf.

"Huyu bwana amepakia programu ya kiwandani kwenye boksi ambalo hakulifungua. Hakuniuliza, na simu yangu anayo. Likafa mikononi mwake, akamwambia mwenye mali kwamba mimi ndiye niliyeliua. Adolf, ungeniambia hujui, ningekuonyesha bure. Sasa kaa na bango lako."

Akarudi kibandani. Akaanza kufungua skrubu za boksi, moja moja.

Alipolifungua, mambo yakawa wazi. Jina la usoni lilikuwa la kampuni moja kubwa. Maandishi ya kwenye ubao wa ndani yalikuwa mengine kabisa. Boksi lilikuwa la kuigiza. Kampuni yenyewe, kwa kuchoka kuibiwa, ilikuwa imetegesha programu zake zitambue maboksi ya kuigiza na zikatae kuwaka ndani yake. Adolf alilipa boksi sumu iliyotengenezwa kwa ajili yake hasa. Skolastika akapiga picha ubao ule, akamtumia Carmen.

Jibu lilikuja kwa maandishi: Haiwezekani. Huku Ulaya hakuna feki.

Alicheka peke yake, kicheko kibaya kilichomfanya jirani wa cherehani achungulie. Kisha akaanza kutafuta. Siku tatu alitafuta, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kati ya wateja wengine. Wanaolijua boksi lile walikuwa wanaandikiana kwenye mabaraza ya mtandaoni, wengi kwa Kijerumani, na simu ilimtafsiria maneno yao nusu nusu. Walikuwa watu wakali. Mtu akiuliza, alijibiwa kwamba swali hilo limeshajibiwa, akatafute. Skolastika akatafuta, akakuta swali lake mwenyewe, tatizo lake mwenyewe, limeulizwa na mtu miaka sita iliyopita, na chini yake mtu huyo ameandika: nimeshatatua, asanteni. Hakusema alitatuaje. Skolastika alimchukia mtu huyo kuliko hata Adolf.

Siku ya nne alipata faili linalolingana na maandishi ya ubao. Boksi likakataa flashi yake, likakataa na nyingine. Lilitaka flashi ya zamani yenye nafasi ndogo, ambayo siku hizi haiuzwi. Aliipata kwa Recho, mama wa kibanda cha kuchapa barua, imefungwa kwenye funguo zake za nyumbani. Sasa ilibidi kubonyeza kitufe kilichojificha nyuma kwa kijiti cha kibiriti, usikiachie, huku mkono wa pili ukiwasha umeme. Mara ya kwanza kijiti kilivunjika. Mara ya pili umeme wa mtaa mzima ulikatika, akakaa gizani kibandani adhuhuri hiyo, kijiti mkononi, akitukana kwa Kiha, taratibu, kwa mpangilio, kuanzia kiwanda hadi Adolf. Mara ya tatu taa ikageuka kijani.

Hakumpelekea Arakaza. Alimwita.

"Liko tayari," alimwambia alipofika. "Lakini halitoki hapa mpaka useme. Jumatatu ulisema mbele ya watu hawa. Leo nao wapo."

Arakaza alitazama chini, akatazama mafundi cherehani, ambao walikuwa wamesimamisha mashine zao bila aibu. "Nililipeleka kwa Adolf," alisema hatimaye. "Likaharibikia huko."

"Asante. Twende Rusimbi."

Ilikuwa Alhamisi, kama saa kumi alasiri, jua limetoka baada ya mvua. Skolastika aliunganisha waya, akaweka setilaiti, akazima sauti ili mlio wa kutafuta usimsumbue mzee, na akaacha boksi lifanye kazi. Chaneli zikaanza kujipanga kwenye orodha. Akabonyeza ile ya Burundi. Picha ikaja safi, bila chenga hata moja: mtangazaji wa kike, nyuma yake bendera, kioo kizima kimejaa rangi. Skolastika alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kando ya kiti cha mzee, akisubiri. Wiki tatu alikuwa amesubiri kuuona uso huo ukibadilika.

Mzee Calixte alikuwa ameelekeza uso mbele, kwenye televisheni, mikono juu ya magoti.

"Bado, mwana wanje?" aliuliza.

Skolastika alidhani anamtania. Kisha akamtazama macho, kwa mara ya kwanza akamtazama kweli, si kwa kupita. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe. Jingine lilikuwa wazi, lakini halikuwa likitazama kitu. Alipunga mkono wake mbele ya uso wa mzee, polepole. Hakupepesa.

 Skolastika alichukua rimoti akapandisha sauti, na Kirundi kikajaa sebuleni. Mzee akainua kichwa, akatabasamu, midomo ikawa inafuatisha maneno.

Skolastika alimkuta Arakaza uani.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba yako haoni. Tangu lini?"

Uso wa Arakaza ulijifunga kama mlango. "Kazi yako ni boksi, fundi. Limewaka, tunashukuru. Nenda."

"Mmemwambia dada yenu?"

"Nimesema nenda."

Simu ya Arakaza ikalia. Ujumbe wa Carmen, sauti ya furaha, ukasikika pale uani: "Mchukueni baba video akiangalia. Nataka nione anavyofurahi." Arakaza akaingia ndani. Skolastika, aliyekuwa akikusanya waya zake mlangoni, aliona yote. Arakaza alikigeuza kiti cha baba yake vizuri kuelekea televisheni, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakiinua kidogo. "Baba, tazama mbele hapo. Cheka kidogo." Mzee akacheka. Arakaza akarekodi.

Hasira iliyomshika Skolastika ilikuwa ya wiki tatu zote pamoja: mvua ya mgongoni, dakika kumi, jicho la Adolf kwa mteja wake, nimeshatatua asanteni, na sasa hiki kidevu. Alitoka mpaka barabarani, akatoa simu yake, akabonyeza akaanza kusema.

"Dada Carmen, ni mimi fundi. Boksi lako linafanya kazi. Lakini baba yako haoni. Picha ilikuwa mbele ya uso wake, akaniuliza kama bado. Hiyo video unayoletewa ni ya uongo. Muulize kaka yako tangu lini."

Akatuma. Kisha akatembea mpaka Mwanga kwa miguu, haraka, akijisikia mwepesi na mwenye haki.

Kesho yake mchana Arakaza alikuja tena kibandani. Safari hii hakubwaga kitu wala hakupaza sauti. Macho yalikuwa mekundu. "Baba anakuita," alisema, akageuka akaondoka bila kumsubiri.

Televisheni ilikuwa imezimwa. Mzee Calixte alisikia hatua zake, lakini hakumsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Kaa." Shikamoo yake haikupokelewa. "Nani alikutuma kumwambia mwanangu habari za macho yangu?"

"Hakuna aliyenituma. Nilikasirika. Kaka Arakaza alikuwa anamdanganya..."

"Arakaza alikuwa ananitii mimi." Mzee hakupandisha sauti, alikuwa na ile sauti ya kanisani, inayofika nyuma bila kipaza sauti. "Mimi ndiye niliyemwapisha. Carmen makaratasi yake ya kukaa kule hayajakamilika. Akitoka sasa, harudi tena. Namjua mtoto wangu, angesikia tu angepanda ndege. Kwa hiyo nikamwambia Arakaza, nyamaza. Miaka miwili dada yake anamtukana kwenye simu, kwamba hanitunzi, kwamba sauti yangu imebadilika, na yeye ananyamaza kwa sababu niliomba. Jana usiku amelia humu ndani kama mtoto. Wewe umepata nini?"

Skolastika aliona ile hasira ipo bado lakini haina pa kukaa. Ikabidi amgeuzie mzee mwenyewe.

"Na mimi, mzee? Wiki tatu nimelowa uani kwako nikitafuta picha. Picha ya nani? Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuomba picha. Nilisema nataka kusikia Kirundi vizuri, redio hii inakwaruza. Carmen akasikia televisheni, akanunua televisheni. Wewe, huko kibandani kwako, ulimuuliza Arakaza nataka nini. Mimi nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki. Tuliongea habari za kila kitu, lakini hilo hukuniuliza."

 Skolastika akasema lile ambalo hata yeye hakujua atalisema: "Kuna daktari aliyeyaona hayo macho?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Daktari akiona, ataandika. Kikiandikwa, kitafika kwa Carmen."

"Kwa hiyo umekaa kipofu miaka miwili kwa kumwogopa binti yako. Na hujui kama kuna dawa au hakuna." Alisimama. "Nimekosa, mzee. Nimesema yasiyonihusu, na kaka Arakaza nimemdhulumu, nitamwambia mwenyewe. Lakini hilo lako nalo si jambo la akili."

"Toka nyumbani kwangu," alisema Mzee Calixte.

Akatoka. Arakaza alikuwa amekaa juu ya madumu ya mawese nje. Skolastika alimwomba radhi, kwa maneno machache na yasiyopangika, na Arakaza akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Carmen hakupanda ndege. Alipiga simu kila siku kwa wiki mbili, akalia, akamtukana kaka yake, akamwomba msamaha, akamtukana tena. Mwisho akasema jambo moja tu na akalishikilia: baba aende kwa daktari wa macho. Mzee aligoma mwezi mzima. Arakaza ndiye aliyemaliza ubishi, kwa kumwambia baba yake kwamba hataapa tena wala hatasema uongo mwingine kwa ajili ya mtu yeyote, hata awe mzazi. Hospitalini walisema jicho la kushoto limeliwa na presha ya macho, halina la kufanywa; la kulia lina mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa. Kama angekuja mapema, daktari alisema, labda na la kushoto lingeokoka. Skolastika aliposikia maneno hayo kutoka kwa Arakaza, alishindwa kufanya kazi mchana wote. Hakujua amkasirikie nani. Mzee, kwa miaka miwili ya ukaidi. Arakaza, kwa utii. Au yeye mwenyewe, ambaye siku ile hakuongea kwa huruma bali kwa kisasi, na bahati tu ndiyo iliyofanya kisasi hicho kimpeleke mtu hospitali.

Mwezi wa nane, vumbi la kiangazi likiwa juu ya kila kitu, Arakaza alimpigia simu. Boksi halionyeshi kitu, alisema, na mzee anataka pia zile redio za Kirundi zinazopatikana kwenye setilaiti. Skolastika alikwenda, moyo mzito.

Mzee Calixte alikuwa kwenye kiti chake, jicho la kulia limeshapasuliwa, na miwani minene usoni. Alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kwa muda mrefu.

"Ndiye wewe Skolastika?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sijakusamehe."

"Sikuja kwa hilo. Nimeambiwa boksi limegoma."

Aliliwasha. Programu ilikuwa nzima, mawimbi yalikuwa mazuri. Lakini orodha ya chaneli ilikuwa tupu, setilaiti imefutwa, na kwenye mipangilio ya dishi, ile mota isiyokuwepo ilikuwa imerudishwa. Kitu hicho hakijifanyi chenyewe. Mtu alikuwa ameingia huko ndani, ukurasa baada ya ukurasa, akabonyeza kila alichokiona.

"Nani amegusa hapa?" aliuliza.

Arakaza alitikisa kichwa. 

"Ni mimi," alisema Mzee Calixte. "Nilikuwa nasoma. Kuna maandishi mengi humo."

Skolastika alifunga macho, akavuta pumzi ndefu. Maneno makali manne au matano yalimjia mpaka kwenye ulimi, na moja likatoka, la Kiha, ambalo mzee alilielewa vizuri sana. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya televisheni, akachukua rimoti yenye namba tano iliyokufa, akaanza upya.